Kitendawili Kisicho na Mtegaji: Juu ya Nagona, Mzingile na Maswali ya Fizikia

Kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili aijua sheria ya kitendawili. Mmoja husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", naye hutega. Wakishindwa kukitegua, huwataka wampe mji. Hupewa Mwanza, au Bukoba, au Unguja, naye husafiri kwa maneno, hula na kunywa huko, kisha hurudi kutoa jibu. Sheria hii imesimama juu ya jambo moja ambalo halisemwi kwa sababu hakuna alitiliaye shaka: mtegaji analo jibu. Alikuwa nalo kabla hajafumbua kinywa, na mji anaopewa ni bei ya kutoa kitu alichokuwa amekificha.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba riwaya mbili fupi za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), hazisomeki vyema maadamu twazisoma kwa sheria hiyo. Nataka kuonyesha pia kwamba wapo watu wengine, mbali na fasihi, ambao kazi yao imekwisha kuwalazimisha kuitilia shaka sheria hiyo, nao ni wanafizikia. Sisemi kwamba riwaya hizo ni za fizikia. Ni rahisi kulisema jambo hilo, na nitakuja kulikanusha.

Shauri lenyewe lilianza katika semina moja mjini Mwanza. Tulikuwa tukisoma Mzingile, na mwanafunzi mmoja, ambaye alisoma fizikia hadi kidato cha sita kabla ya kuja kwenye fasihi, aliniuliza mzee Kakulu ni nani. Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi zamani: kwamba wahakiki humwona Kakulu kuwa ni sura ya Mungu. Akaliandika jibu. Kisha akaniuliza kama mwandishi alikuwa nalo jibu hilo alipoandika, au alikuwa akiuliza tu. Nikamwambia kwamba mwandishi mzuri daima ajua anachokisema. Hilo lilikuwa jibu baya, na yapasa nilirekebishe.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na riwaya zake za kwanza hazikuacha shaka juu ya nani ajuaye. Katika Rosa Mistika (1971) msimulizi yuko juu ya kijiji na juu ya shule. Aona ndani ya moyo wa Rosa na ndani ya nyumba ya baba yake kwa mara moja, na hukumu zake huzitoa bila kigugumizi. Hata Gamba la Nyoka (1979), ambayo imejaa mashaka juu ya siasa, haina shaka juu ya mahali pa msimulizi. Kisha ikapita miaka kumi na moja. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1985, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nagona ilipotoka, msimulizi aliyekuwa juu alikuwa ametoweka. Mahali pake twamkuta "mimi" asiye na jina, anayetembea katika nchi asiyoijua, akikutana na wafu, na wanafikra wa Ulaya, na mnyama anayemkimbia. Wasomaji wengi walikasirika. Nadhani walikasirika kwa sababu walitoa mji na mtegaji hakurudi.

Si mara ya kwanza kwa kisiwa hicho kutupa kitabu cha namna hiyo. Aniceti Kitereza, padri wa Ukerewe asingalikuwa na sababu ya kumwogopa, alikuwa Mkristo na katekista, na riwaya yake kubwa aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 ni kitabu cha mtu atakaye kuhifadhi kila kitu: jinsi ya kusuka, kulima, kuposa, kutibu utasa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi kitabu kilichochapwa. Lakini tazama majina ya watoto aliowapa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ntulanalwo maana yake ni kwamba nakaa na kifo siku zote. Bulihwali ni swali: huzuni itakwisha lini? Mtoto amepewa swali liwe jina lake, na hakuna popote katika kurasa zile mtu anayelijibu. Mzazi hakulificha jibu ili apewe mji, hakuwa nalo.

Sasa nataka kuiacha fasihi kwa muda, na msomaji anivumilie, maana bila hatua hii hoja yangu haisimami.

Yeyote aliyekaa pwani ya Ziwa hili katika usiku usio na mbalamwezi amewaona wavuvi wa dagaa. Huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za umeme wa jua. Dagaa huifuata nuru, nao huzungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu, kazi haifai. Mwalimu wa fizikia akitaka kuueleza ulimwengu wa chembe ndogo kabisa kwa mwanafunzi wa Mwanza, aweza kuvutwa na mfano huu. Atasema: taa inayokuonyesha dagaa ndiyo iliyowakusanya, kwa hiyo hujawaona kama walivyokuwa, vivyo hivyo, ukiitupia elektroni nuru ili uione, umekwisha kuisukuma. Kipimo humsumbua anayepimwa.

Mfano huu wapendeza, nao wapotosha. Dagaa walikuwako kabla ya taa. Kila mmoja alikuwa na mahali pake gizani, ijapokuwa hatukupajua. Kama mambo yangekuwa hivyo tu, fizikia ya kwanta isingekuwa na fumbo lolote. Ingekuwa na shida ya vyombo, kama mvuvi asiye na taa nzuri. Albert Einstein aliamini kwamba mambo ni hivyo. Yeye na wenzake wawili, Podolsky na Rosen, waliandika mwaka 1935 kwamba nadharia ya kwanta haijakamilika: chembe inalo jibu, nadharia ndiyo isiyolijua. Kwa lugha yetu, Einstein aliishikilia sheria ya kitendawili. Niels Bohr alimjibu kwamba si halali kuuliza jibu lilikuwa nini kabla ya kupima. Kwa miaka karibu thelathini watu walidhani huo ni ubishi wa ladha tu, usioweza kuamuliwa.

Mwaka 1964 John Bell, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aliona kwamba waweza kuamuliwa. Fikiri chembe mbili za nuru zilizozaliwa pamoja, na moja ikaenda Mwanza, nyingine Bukoba. Huko kila moja huulizwa swali moja kati ya mawili, nalo huchaguliwa papo hapo. Jibu ni ndiyo au siyo. Kama kila chembe iliondoka na majibu yake mfukoni, na kama yaliyotendeka Bukoba hayawezi kuifikia Mwanza kwa ghafula, basi tukiyalinganisha majibu ya jozi nyingi na kuyajumlisha kwa njia fulani, jumla hiyo haiwezi kupita 2. Hii si fizikia, ni hesabu. Mtu aweza kuihakikisha kwa kalamu. Lakini nadharia ya kwanta yasema kwamba jumla hiyo yaweza kufika karibu 2.83. Majaribio yakafanywa. Alain Aspect na wenzake huko Ufaransa mwaka 1982 walipata jumla iliyopita 2. Huko Delft, Uholanzi, mwaka 2015, elektroni mbili zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3 zilitoa jawabu lile lile, nao walikuwa wameziba mianya mikuu ambayo wabishi walikuwa wakiitumia. Mwaka 2022 Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hii.

Basi majibu hayakuwa mfukoni. Au, kwa uangalifu zaidi, kama yalikuwamo, basi mifuko yote miwili imeunganishwa kwa njia isiyojali umbali, kama nadharia ya David Bohm ya mwaka 1952 inavyotaka. Au tena, kama alivyopendekeza Hugh Everett mwaka 1957, kila jibu hutokea, na sisi tunaouliza ndio tunaogawanyika pamoja na majibu. Bohr alikuwa na njia yake, na wako wanaoubadilisha mlinganyo wenyewe wa Schrödinger. Njia hizi karibu zote hutabiri matokeo yale yale ya maabara, na hakuna mpaka leo aliyepata namna ya kuzichuja zote hadi ibaki moja. Huu ndio uwazi wa swali ninaousema. Halimaanishi kwamba kila mtu aweza kusema apendalo. Einstein alisema apendalo, na hesabu ikamkatalia.

John Wheeler, mwanafizikia wa Marekani, alipenda kusimulia juu ya mchezo mmoja wa kukisia. Mtu hutolewa chumbani, wenzake huchagua neno, kisha hurudi kulitafuta kwa maswali ishirini ya ndiyo na siyo. Siku moja wenzake walikubaliana kutochagua neno lolote. Kila mmoja angejibu apendavyo, kwa sharti moja: awe na angalau neno moja akilini linalopatana na majibu yote yaliyotangulia. Mkisiaji aliona majibu yanachelewa, kila mtu akizidi kufikiri. Mwishowe akauliza kama neno ni wingu, wakasema ndiyo, na wote wakacheka. Neno halikuwamo chumbani alipoingia. Lakini hata hivyo halikuwa neno lolote tu. Majibu yaliyotangulia yalikuwa yamelibana pande zote.

Sijui mfano bora zaidi wa kusoma Nagona. Wenye kutafuta neno lililofichwa husema kwamba yule mnyama ni Ukweli, na ngoma kuu ni jambo fulani, na duara ni jambo lingine, wakapanga orodha ya alama na maana zake kama bei za dukani. Wenye kuchoka na orodha husema kwamba riwaya haina maana, au kwamba kila msomaji ana yake. Makundi haya mawili yanadhani yanapingana, kumbe yote mawili yanaamini sheria moja: ama jibu limo mfukoni mwa mtegaji, ama hakuna kitendawili. Ukisoma kwa taratibu ya mchezo wa Wheeler utaona kitu cha tatu. Kila tukio hukataa baadhi ya maana ambazo tukio lililotangulia liliziruhusu. Mnyama yule akiwa ni ukweli, ni ukweli wa namna gani ambao hautaki kushikwa na mtu aliyeutafuta kwa vitabu? Wanafikra wa Ulaya wakiwa wamo humo, nao hawakumpa msafiri njia ya kutoka, basi jibu si lao pekee. Lakini kwa kuwa wamo, jibu haliwezi kuwa kana kwamba hawakuwahi kuandika. Msomaji hubanwa, ijapokuwa hakuna neno lililomngoja.

Hapo ndipo pia naiona kasoro ya Nagona, na sioni haya kuitaja. Riwaya ile humleta mkombozi wa pili. Mtu aliyetembezwa katika mashaka kurasa zote zile hupewa ghafula ahadi inayofanana mno na ahadi alizozisikia kanisani. Mwandishi ametia mkono mfukoni akatoa kitu. Mzingile, ambayo watu wengi huiona ni mwendelezo tu wa kwanza, kwangu mimi ni kazi bora zaidi, kwa sababu ndani yake hata yeye aliye mzee kuliko wote hana la kumpa yule anayemwendea na habari ya kifo.

Neno mzingile ni njia zinazozunguka na kumpoteza mtu, na hapa elimu ya ulimwengu mzima yatufaa kuliko elimu ya chembe. Mzingile ukitazamwa kutoka juu si fumbo hata kidogo; mtoto aweza kuufuata kwa kidole. Ugumu wake wote ni kwamba mtu yumo ndani.

Mtu anayesimama juu ya mawe ya Mwanza, ambayo umri wake hupita miaka bilioni mbili, hulitazama Ziwa kana kwamba nalo lilikuwako daima. Halikuwako. Wataalamu waliochimba tope la chini wamekuta dalili kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita lilikauka, na mahali wapitapo leo watu waendao Nansio palikuwa na nchi kavu yenye majani. Tukiuliza kulikuwa na nini kabla ya Ziwa hili, swali lina maana na lina jibu. Ni kwa njia ya namna hiyo hiyo, kwa mabaki, tunajua kwamba ulimwengu tunaouona ulikuwa mdogo, mzito na moto miaka bilioni 13.8 iliyopita. Joto hafifu lililosalia kutoka wakati ule, ambalo Penzias na Wilson walilikuta mwaka 1964 bila kulitafuta, bado limeenea kila upande wa mbingu. Lakini tukiuliza kulikuwa na nini kabla, hatujui hata kama tumeuliza. Hartle na Hawking walipendekeza mwaka 1983 kwamba wakati wenyewe hauna ukingo, na kwamba kuuliza kabla yake ni kama kuulizia kisiwa kilicho kaskazini ya Ncha ya Kaskazini. Ni pendekezo zuri, halijathibitishwa. Wengine hufikiri ulimwengu hupanuka na kusinyaa kwa zamu, na hapo maangamizi na kuanza upya kwa Mzingile huja akilini bila kuitwa.

Tatizo kubwa zaidi lipo mahali ambapo elimu hizi mbili zinakutana. Nadharia ya kwanta, kama ilivyoandikwa vitabuni, humtaka mpimaji aliye nje ya kipimwacho: hapa elektroni, pale mtu na chombo chake. Ulimwengu wote ukiwa ndio kipimwacho, nani atasimama nje? Hakuna nje. Mpimaji ni sehemu ya hesabu anayoifanya. Hata vipimo vya kawaida vimeanza kugombana: kasi ya kupanuka kwa ulimwengu, ikihesabiwa kutokana na lile joto la kale, hutoka karibu 67, na ikipimwa kwa nyota zilizo karibu nasi hutoka karibu 73, kwa kipimo chao cha kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, na tofauti hiyo haijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Asilimia 95 ya ulimwengu, kwa hesabu hizo hizo, ni vitu vyenye majina ya giza tu ambavyo hakuna ajuaye ni nini.

Nilisema nitakanusha. Kezilahabi hakuitabiri fizikia ya kwanta, wala fizikia haimthibitishi. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona kwamba ulimwengu hupanuka, hakupendezwa Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoitumia elimu hiyo, mwaka 1951, kuunga mkono habari ya uumbaji. Alikuwa padri, na aliamini uumbaji; lakini hakutaka hesabu yake iitwe mahakamani kutoa ushahidi wa kesi isiyo yake. Yatupasa tuwe na adabu hiyo. Swali la Bell lilibanwa na namba, na siku moja namba zaweza kulifunga. Swali la Mzingile limebanwa na kifo na lugha, nayo haitalifunga maabara yoyote. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: kwamba yako maswali halali ambayo mwulizaji wake hakuficha kitu, na kwamba mtu aweza kuyashughulikia kwa ukali bila kudai apewe jibu.

Dai hilo si dogo kwa shule zetu. Katika nchi hii kijana husoma fizikia ya sekondari kwa Kiingereza na fasihi hii kwa Kiswahili, na masomo hayo hayakutani. Mwaka ule ule wa 1990 ilipotoka Nagona, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sidhani kuna wengi waliovinunua vitabu hivyo viwili siku moja. Nakiri pia kwamba baadhi ya maneno tunayoyatumia yatafuna akili. Tunasema "Mlipuko Mkuu", na mwanafunzi huona bomu likipasuka mahali fulani, na yeye amesimama kando akitazama. Ni mahali hapo hapo pa kusimama ambapo hapapo.

Yule mwanafunzi, nilipomwambia sehemu ya haya, hakubishana juu ya Kakulu tena. Aliniuliza kama hakuna jibu mfukoni, mtihani utasahihishwaje. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwisho wa muhula niliondoa swali la zamani, lililotaka aelezwe Kakulu anawakilisha nini, nikaweka lingine: mtahiniwa ataje mambo mawili ambayo msimulizi wa Mzingile hawezi kuyajua kwa sababu ya mahali alipo, na aonyeshe kwa ushahidi wa riwaya kwamba hawezi. Nilisahihisha kwa shida na kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Wawili waliandika kwamba swali lenyewe limetungwa vibaya, kwa kuwa mtungaji naye hajasema amesimama wapi. Nikawapa alama nzuri.